Kamba za Kupimia Kiti

Bweranyange,
2 Juni 2024

Mdogo wangu Tuyizere,

Usishangae kuona karatasi. Kwenye simu umetufungia sote: mimi, shemeji yako Kemilembe, hata jirani yetu Fidele ambaye kosa lake ni kuniazima simu mara moja. Miaka sita sasa. Karatasi bado hujapata namna ya kuifungia, kwa hiyo nimempa Bainomugisha, anayeleta maharage huko Nkwenda kwa lori kila wiki. Ameniapia atakukabidhi mkononi na hataongeza neno lake.

Nina shida ya kiufundi. Ile kayaki ya plastiki tuliyoachiwa na mtafiti wa ndege bado ipo. Rangi yake ya chungwa imekwisha kwa jua, lakini haivuji. Taabu ni kukaa. Unakikumbuka kile kiti chake, kishimo tu kilichobonyezwa kwenye plastiki. Unakaa sakafuni, miguu mbele, na maji yote yanayodondoka kwenye kasia yanakuja kukaa na wewe. Tulipokuwa vijana tulicheka. Sasa nina miaka hamsini na nane na mgongo unauma. Nikirudi na kambare wangu wawili, Kemilembe hunivuta kwa mikono miwili kama anayeng'oa muhogo. Nataka kiti kilichoinuka, chenye mgongo wa kuegemea, nivue samaki kama mzee mwenye heshima zake.

Ndani ya bahasha utakuta kamba ya mgomba. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni upana wa nyonga zangu. Kutoka hapo hadi fundo la pili ni nyuma ya goti hadi kisigino. Kemilembe amenipima nikiwa nimeketi kwenye kigoda, usiwe na wasiwasi. Nakumbuka Mama alivyotukaripia tulipokuwa tukipimana kwa mchezo: aliyelala hapimwi, anayepimwa amelala ni yule anayengoja jeneza.

Lakini kamba ni kamba. Ingefaa uje, uione boti na mwenye boti. Siku moja tu. Kemilembe atapika ndizi na kambare.

Kaka yako,
Mbonimpa


Nkwenda,
9 Juni 2024

Mbonimpa,

Barua nimeipata. Mimi ni seremala, mteja akileta kipimo simfukuzi. Kiti nitatengeneza. Kuja sitakuja.

Sababu unaijua, ila kwa kuwa unaandika kama aliyesahau, nitakukumbusha. Mama aliugua wiki tano. Wiki tano nzima mimi nilikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja, nikitengeneza vitanda vya wageni wa gesti, na wewe hukunipigia. Uliponipigia ilikuwa kuniambia amefariki. Nilifika nikakuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakula. Nilimwamkia Mama juu ya udongo, mbele ya majirani wenye sahani mikononi. Ukaniambia, "Hakutaka usumbuliwe." Siku ile nilisema sitakanyaga tena uwanja wako, na mimi sisemi maneno mawili.

Haya, kiti. Niandikie upana wa boti ndani, pale unapokaa, na kina kutoka ukingo hadi sakafu. Niambie pia kama vile vishikizo vya kamba pembeni bado ni vizima, maana sitatoboa plastiki hiyo hata tundu moja. Plastiki kuukuu ukiitoboa inapasuka mbele ya safari. Kiti kitafungwa kwa kamba.

Na usitake kukaa juu sana. Kadiri unavyoinuka ndivyo boti inavyoyumba. Nitakuinua sentimita saba, usiniombe ya nane.

Tuyizere


Bweranyange,
23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua hukuniamkia. Nimeitafuta shikamoo yako mbele na nyuma ya karatasi, nikakung'uta na bahasha, haimo. Nimeamua ilidondoka njiani kwenye maharage ya Bainomugisha. Kwa hiyo nimeitikia.

Vipimo nimechukua kwa futi ya kamba ya Auleria fundi cherehani. Upana wa ndani ni sentimita hamsini na moja. Kina ni ishirini na nane. Vishikizo vinne vizima, cha tano, kile cha nyuma kulia, kimekatika. Ni wewe ulikikata siku ile tulipomkimbia kiboko, ukakivuta ukidhani ni ukingo. Sikuwahi kumwambia Mama kwamba ulilia.

Sasa nikujibu lile jingine. Mama aliniapisha. Alikuwa amelala pale chumba cha nyuma, akanishika mkono, akasema, "Tuyizere ndiyo kwanza amefungua karakana yake, asiifunge kwa ajili yangu, nitapona." Kila asubuhi alisema atapona. Nami nikamwamini, maana nilitaka kumwamini. Watu walipokuja kuzika waliona mvua inakuja, wakaniambia tufukie, nikasema ndiyo. Hapo ndipo nilipokukosea, kwenye ile ndiyo. Nilimtii Mama nikakupoteza wewe. Nimelitafakari jambo hili miaka sita na sijapata namna nyingine ya kulisema. Nisamehe.

Usinijibu hili kwa barua. Nijibu ukiwa umekaa hapa kwangu.

Kaka yako,
Mbonimpa


Nkwenda,
7 Julai 2024

Mbonimpa,

Fremu iko tayari. Nimetumia mti wa mgrivilea uliokauka vizuri, mwepesi, nikaupaka vanishi mara tatu. Pa kukalia nimesuka kwa vipande vya tyubu ya pikipiki, kama tunavyosuka vitanda, ili maji yapite na mgongo upate kunesa. Chini nimeweka miguu miwili mipana kama mbao za sanduku, isije ikachimba plastiki.

Limebaki jambo moja. Mtu aliyeinuliwa akiteleza upande, boti nayo inamfuata. Kwa hiyo naongeza mbao mbili ndogo za pembeni zikushike nyonga, zikubane kidogo tu, uwe kitu kimoja na kiti. Hapo sitaki kukosea hata kidole. Mwambie shemeji akupime nyonga tena, anitumie kamba mpya.

Yale mengine nimeyasoma. Sikulia kwa sababu ya kiboko, nililia kwa sababu ulikuwa umeanguka majini nikadhani umekwenda.

Tuyizere


Bweranyange,
28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, nimeipokea na hii isiyoandikwa.

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Kemilembe, mimi nasema. Kambare amenichoma kidole kwa mwiba wake na kimevimba, kalamu haishikiki. Samahani kwa kuchelewa.

Kamba mpya hiyo hapo, ya nyonga peke yake. Nimepimwa tena nimeketi, na nimejitahidi kukaa wima. Ipime vizuri. Iweke mezani sambamba na ile ya kwanza, uziangalie kwa utulivu. Wewe ndiwe fundi, mimi sitasema kitu.

Ile ya kwamba ulilia kwa ajili yangu nimemfanya Kemilembe anisomee mara tatu.

Siku hizi siendi ziwani. Nangoja kiti. Kayaki nimeomba iletwe uani, iko chini ya dirisha langu, kuku wanataga ndani yake. Unaweza kuja wakati wowote, hata bila kiti.

Kaka yako,
Mbonimpa


Nkwenda,
4 Agosti 2024

Kaka,

Mwambie shemeji, kwa heshima zote, kupima hajui. Kamba ya pili imepungua vidole vitatu kwa ile ya kwanza. Vidole vitatu! Mtu hapungui nyonga kwa wiki nane, labda umegeuka mshumaa. Nina hakika kamba ilipinda, au alipima juu ya kiuno, au alikuwa na chungu jikoni akafanya haraka.

Hizi mbao za pembeni nikizikata kwa kipimo kibaya, ama hutaingia ama utapwaya, na ukipwaya ziwani utanilaumu mimi. Nimesimamisha kazi. Akupime tena. Ukae, uvute pumzi, kamba inyooke kutoka mfupa hadi mfupa.

Kidole kiwekee maji ya moto na chumvi.

Tuyizere


Bweranyange,
18 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Bado naandikiwa.

Kamba ya tatu hiyo. Kemilembe ameipima kwa uangalifu kuliko alivyowahi kupima kitu chochote maishani mwake, na alipomaliza alikwenda kusimama nje. Ndiyo hiyo. Usiagize nyingine.

Umeniita kaka. Nimeona.

Nakumbuka seremala mmoja, mdogo wangu, alikuwa akijisifu kwamba anaweza kuingia chumba cha watu, akatazama kitanda tu, akajua wenyewe wanaishije. Basi soma kamba zangu. Zote tatu ni za kweli. Kama huzielewi, njoo uniulize, na uje upesi, kabla ya mvua.

Mbonimpa


Nkwenda,
25 Agosti 2024

Kaka Mbonimpa,

Mmenichosha ninyi wawili. Hiyo ya tatu imepungua tena! Ukiifuata hiyo, kiti ni cha mwanafunzi wa darasa la sita. Nimeitundika msumarini pamoja na mwenzake.

Nimekata shauri kama fundi. Nilichukua kamba ya kwanza nikajipima mwenyewe, nikiwa nimeketi kwenye benchi langu. Kaka, ni sawa kabisa na mimi, haikuzidi wala haikupungua. Nikakumbuka kwamba Mama alitushonea kaptula za shule kwa kipimo kimoja ingawa umenizidi miaka mitano, na kila mara zilitutosha wote. Basi nikajua ile ndiyo ya kweli. Kiti nimekimaliza kwa kamba ya kwanza. Nimekikalia mwenyewe jioni nne mfululizo hapa mlangoni, wapita njia wakinicheka, wakiniuliza navua nini katika vumbi la Nkwenda.

Bainomugisha anakileta na barua hii. Kukifunga ni hivi: weka miguu ya kiti juu ya kile kishimo, pitisha kamba mbili za mbele kwenye vishikizo, kaza, kisha mbili za nyuma. Pale palipokatika funga kwenye mpini wa kubebea. Kabla hujakaa wewe, weka madumu mawili ya maji juu ya kiti, isukume boti kwenye maji ya magotini, uitikise. Ikitulia, panda. Siku ya kwanza usiache mafunjo, kaa karibu na ukingo.

La mwisho. Nilikwambia mimi sisemi maneno mawili. Nimezeeka, nasema mawili. Jumamosi ya tarehe saba Septemba nafunga karakana, nakuja kuona kama nimekikata sawa. Ulilosema kuhusu ile ndiyo, nitakujibu nikiwa nimekaa kwako, kama ulivyotaka. Unalijua jibu lenyewe.

Naona nimefika mwisho wa karatasi bila kukuamkia. Shikamoo, kaka.

Mdogo wako,
Tuyizere


Bweranyange,
2 Septemba 2024

Shemeji Tuyizere,

Ni mimi Kemilembe, na safari hii maneno ni yangu.

Kaka yako amefariki leo alfajiri. Nimemkataza Bainomugisha asikwambie kwa mdomo barabarani, nimetaka uisome umeketi. Kama hujaketi, keti, shemeji.

Hakuna kambare aliyemchoma kidole. Lilikuwa ini. Mwezi wa tano hospitali walituambia limeharibika na hakuna cha kufanya, turudi nyumbani. Wiki mbili baadaye aliomba kalamu akakuandikia habari ya kiti. Mgongo ulikuwa unamuuma kweli, lakini ziwani alikuwa hawezi kwenda tena.

Niligombana naye. Nilimwambia, "Ulimficha mdogo wako ugonjwa wa mama yake, sasa unamficha na wako?" Akasema, "Akija kwa sababu ya ugonjwa, atakuwa ameujia ugonjwa. Mimi nataka anijie mimi." Nikamwambia atachelewa. Akasema, "Sitamficha. Nitamtumia kamba, na kamba sitaidanganya. Yule ni fundi, ataona." Kila Bainomugisha aliporudi, kaka yako aliuliza, "Ameona?" Nami nilimsomea ulivyonigombeza kwa kutojua kupima, akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akageukia ukutani.

Shemeji, kamba ya tatu nilimpima amelala. Hakuweza tena kukaa. Najua Mama alikataza. Niliingiza mkono chini yake nikapitisha kamba, mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, nikaenda nje kulia.

Kiti kilifika Alhamisi. Alisema kifungwe siku hiyohiyo. Mimi na Fidele tulikifunga kama ulivyoelekeza, hata madumu ya maji tuliyaweka, ingawa boti ilikuwa juu ya majani. Tukambeba tukamkalisha. Alipwaya, shemeji. Nilikunja vitenge vyangu viwili nikavijaza huku na huku, ndipo akatulia. Alikaa humo hadi jua lilipoanza kuchwa, akishika kasia, akitazama kule ziwani. Alipapasa mbao akasema, "Hajakosea. Hivi ndivyo nilivyokuwa."

Nikamsomea barua akiwa humo ndani ya boti. Nilipofika pale pa shikamoo, alilia kwa sauti. Nikangoja aitikie. Miezi miwili ameitikia shikamoo ambazo hukuziandika, na hii uliyoiandika hakuiitikia. Alisema, "Hii nitamwitikia akifika. Jumamosi si mbali."

Jumamosi imekuwa mbali.

Ameacha agizo moja mbele ya mchungaji: kaburi lisifukiwe mpaka wewe ufike, hata kama mvua itanyesha, hata kama zitapita siku tatu. Tunakungoja. Watu wamekaa, hakuna atakayekula kabla hujafika.

Kuna kamba ya nne kwenye bahasha. Hii ni ndefu. Huna haja ya kuniuliza nimeipima vipi. Aliomba iwe kazi ya mkono wako.

Shemeji yako,
Kemilembe


Nkwenda,
22 Septemba 2024

Shemeji Kemilembe,

Pole tena. Nimefika salama, karakana nimeifungua lakini sijagusa randa.

Siku ile pale kaburini niliona mlivyotazamana, wewe na Fidele, jeneza lilipofunguliwa na kaka akawekwa ndani. Fidele alininong'oneza kwamba limezidi, kwamba nimekosea upana. Ndipo ulipovua kitenge kimoja cha vile viwili ukakikunja, ukaenda kuleta na cha pili kutoka kwenye boti, ukavijaza huku na huku bila kuniuliza kitu. Nakwambia leo.

Sikukosea. Bainomugisha aliponipa barua yako niliisoma nimeketi, kisha nikazitoa zile kamba msumarini nikazilaza zote mezani sambamba, kama kaka alivyoniomba mwezi wa saba. Zilikuwa zinasema wazi kabisa. Hata mtoto angeziona. Mimi nilikuwa na hasira na nilikuwa na futi mkononi, nikapima badala ya kuangalia. Nimekugombeza wewe uliyekuwa unapima ukijua unachokipima. Nisamehe shemeji, kama yeye alivyonisamehe.

Urefu nilikata kwa kamba ya nne. Upana nilikata kwa ya kwanza, kwa kujua. Nilijua atapwaya. Lakini anakokwenda Mama yuko, na Mama alituzoea kwa kipimo kimoja, kile cha kaptula. Sikutaka amwone amekonda akaanza kuuliza ni nani alikuwa wapi.

Namba zenu nimezifungua zote, hata ya Fidele. Kiti usikifungue kwenye boti, mwisho wa mwezi nitakuja kukalia.

Ile shikamoo niliirudia pale pale, udongo ukiwa bado haujatupwa, uliniona nimeinama. Mlidhani nasali. Nilikuwa nangoja aitikie.

Tuyizere